Pilau Tuliyompikia Mtani

Viatu vyangu vilikamatwa saa nne asubuhi, msibani Mtoni, pamoja na viatu vya wanawake wote tuliokaa mkekani ndani. Aliyevikamata alikuwa mzee wa Kisukuma, jirani wa marehemu, kajifunga kanga ya marehemu kiunoni na kubeba ufagio begani kama bunduki. Marehemu Bi Kidawa alikuwa Mzaramo, na Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo yule mzee alikuwa kazini. Aliingia akimwiga Bi Kidawa anavyotembea kashika nyonga, akamwiga anavyodai kodi, "Mwezi umeandama wapangaji, au nyie huku kwenu haukuonekana?", kisha akasomba makubazi na kandambili akazitia kwenye gunia, akatangaza kuwa Wazaramo wote wamefilisika na anayetaka kiatu chake aje akikomboe. Watu waliokuwa wanalia tangu alfajiri wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mie sikucheka. Nililiangalia lile gunia linatoka mlangoni, nikajikuta nimeinuka nusu. Na upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye hakucheka, mnene, wa umri wangu, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, naye kainuka nusu vilevile. Tukaangaliana. Alikuwa Zena, na miaka thelathini na ushee sikuwa nimemtia machoni.

Habari za nilizaliwa wapi na nililelewa na nani hazina kazi hapa, wajukuu zangu nimeshawachosha nazo. Itoshe kuwa naitwa Somoe, ni Mmwera wa Nachingwea, na mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili, napanga kwenye nyumba hiyohiyo ya Bi Kidawa, chumba cha mwisho mkono wa kushoto, mie na Zena, naye Mmwera mwenzangu. Siku ile ya msiba nilipita mbele ya mlango wa chumba chetu nikasimama. Sasa kina vigae na televisheni ya mtu. Enzi zetu kilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, kitanda kimoja cha futi nne tulichokuwa tukilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu usoni kwake, na harufu ya hiliki iliyoingia hadi kwenye mto. Tulikuwa tunauza vitumbua. Mchana tunaloweka mchele, jioni mmoja anaupeleka mashineni, alfajiri tunawasha moto uwani na kuchoma mpaka jua linachomoza, halafu tunakaa na beseni letu pale kona ya kutokea barabara ya Kilwa. Ukiniuliza leo ni nini ninachokikumbuka zaidi maishani, ndoa yangu, watoto wangu, nyumba yangu ya Madale, nitakujibu kwa adabu. Lakini ukiniuliza ni nini ninachokitamani, ni kuamshwa na kidole gumba cha mguu wa Zena, kinanigusa shavuni, ananiambia, "Amka we mvivu, unga umeumuka."

Tulikuwa na mpango. Zena alikuwa na jicho la mkasi. Anakuangalia tu unapita njia, anajua bega lako la kushoto limeshuka na kitambaa chako kiongezwe wapi. Mie kukata siwezi, mpaka leo nakata upogo, lakini nipe cherehani ya miguu nikuonyeshe. Kwa hiyo yeye atakata, mie nitashona, na tutaweka kibao mlangoni. Fundi seremala wa jirani alitutengenezea kibubu cha mbao, kasanduku kalikopigiliwa misumari pande zote na tundu moja tu juu, na kila jioni tulidumbukiza kilichobaki. Tuliwekeana sharti moja. Siku ya kukivunja tutaijua sisi wawili tu. Kwetu wanasema kibubu kikitangaziwa siku, macho ya watu yanatangulia kuingia. Hata Bi Kidawa hatukumwambia, na Bi Kidawa alikuwa mtu wa kuambiwa kila kitu, kama hukumwambia anakuja kusikiliza ukutani.

Yule mtu alikuja kwenye beseni letu mvua za vuli zikiwa ndio zinaisha. Shati jeupe, kalipiga pasi kweli, viatu vya vumbi. Akachukua kitumbua akauliza, "Lafudhi hii ya wapi, sista?" Zena akamwambia, Nachingwea. Jamani, mtu yule alipiga kofi mpaka wapita njia wakageuka. "Wamwera! Kumbe nyie ndio mateka wa babu yangu! Mie Mngoni wa Songea. Babu aliwasahau wawili njiani, nimetumwa kuwachukua." Akachota vitumbua vinne, akaondoka bila kulipa. Zena akapiga kelele, "Mwizi huyo!" Naye akageuka, akaitika, "Naam!" Tulicheka siku nzima. Nani asiyejua? Babu zao waliwahi kweli kuja kwetu na mikuki, na vita vilipokwisha uhasama ukageuka mzaha. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua sufuria, anachukua kuku wako, anakutukana msibani, na wewe ukinuna ndiwe mwenye kosa. Kesho yake alirudi na papai kubwa kama kichwa cha mtoto, akalitua kwenye beseni. "Chakula cha wafungwa," akasema.

Ndivyo alivyotuingia. Nimekaa miaka mingi nikiupanga mwaka ule moyoni, na sasa naona ufundi wake, maana ulikuwa ufundi, kama wa kukata kanzu. Hakuomba kitu. Alichukua. Na kila alichochukua kilirudi na nyongeza. Alichukua ndoo yetu, tukaachwa tunatukana siku mbili, ikarudi imejaa maji na ndani kuna mche wa sabuni. Alichukua mwiko wa Bi Kidawa, ukarudi na kibaba cha maharage. Siku moja aliruka banda la kuku, akamkamata jogoo wetu mwekundu na kutokomea naye kwapani, na nyumba nzima ikamfukuza mpaka barabarani kwa vicheko. Wiki ilipita. Zena akasema, "Huyu safari hii kamla." Mie nikasema, "Atarudi." Na alirudi, jogoo kwapa hili, tetea kwapa lile, anasema jogoo alikuwa amekwenda Songea kuposa. Mwezi baada ya mwezi, kitu kikiondoka na yule bwana, hatukushtuka tena. Tulikaa kungoja nyongeza. Alitufundisha kungoja, hilo ndilo somo alilotupa, na tulifaulu vizuri.

Akawa wa nyumbani. Jioni anapiga hodi mlango wa mbele, "Hodi wafungwa wangu!", na sisi, wapangaji wote, mpaka watoto, tunaitika kwa pamoja, "Karibu mwizi!" Miezi minane tulimwita mwizi mchana kweupe, na yeye anaitika. Anakaa uwani kwenye kinu kilicholala, anakula nasi. Alipenda ukoko. Sufuria ikiepuliwa yeye ndiye anayekwangua, na ukoko wa nazi anaupulizia kwanza, anautafuna taratibu huku kafumba macho. Aliongea na kila mtu kwa namna yake. Shikamoo yake kwa Bi Kidawa aliitoa kachuchumaa kabisa. Alijua goti la nani linauma na mtoto wa nani anakojoa kitandani. Mie nilikuwa namwangalia akisikiliza. Hakuna mtu, kabla yake wala baada yake, aliyewahi kunisikiliza vile, na nimeolewa na mtu mwema.

Nilimpenda. Nalisema leo kwa sababu aibu nayo inazeeka. Hakunigusa hata mkono. Zena akienda mashineni, yeye hukaa kizingitini na mie nikiwa ndani napepeta mchele, tunaongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Siku moja nikasikia Bi Kidawa anaongea na dada yake chumbani kwake, na kuta zile zilikuwa hazifiki juu, "Kijana mzuri huyu, lakini hebu nambie, umewahi kusikia kwao kuna nani? Mama yake nani? Nikimuuliza ananichekesha, na mie nikishacheka nasahau nilichouliza." Nilisikia maneno yale vizuri, neno kwa neno, kama unavyoyasikia wewe sasa. Nikaendelea kupepeta mchele. Nikasema moyoni, bibi kizee ana wivu.

Siku aliyoniuliza habari za cherehani nilikuwa peke yangu. Aliijua, nyumba nzima ilijua tunaweka kwa ajili ya cherehani, siri ilikuwa siku tu. Akauliza, "Ya mkono au ya miguu?" Ya miguu. "Weee! Ile na meza yake na chuma chake, mtaibeba vipi kutoka Kariakoo? Mtaburuza?" Nikasema tutajua hukohuko. Akachora chini na kijiti. Kisha akasema, "Sikia. Nina rafiki ana mkokoteni. Nitaupaka rangi ya kijani, nitaufunga kanga pande zote kama gari la bibi harusi. Siku hiyo mkitoka tu na hela yenu, mie huyo uwani, nawafanyia utani wangu wa mwisho, watu wacheke, halafu nausukuma mkokoteni mpaka mlangoni. Mtakwenda Kariakoo mmekaa juu kama malkia. Ila usimwambie Zena. Nataka nimuone uso wake." Nikajiona mie mwenyewe nimekaa juu ya mkokoteni wa kijani, nimening'iniza miguu, na yeye anasukuma nyuma yangu. Nikamwambia. Jumamosi ijayo, saa nne.

Jumamosi ile tulikivunja kibubu kwa mchi wa kinu, mlango tumeufunga, lakini mlio wa mchi uliwavuta wote na tulipofungua mlango nyumba nzima ilikuwa ukumbini. Hela tulizifunga kwenye kanga, kanga tukaiweka kwenye kikapu, juu tukafunika kitambaa. Tukatoka uwani tumevaa magauni yaliyofanana, aliyoyakata Zena na kuyashona mie kwa mkono. Bi Kidawa akatunyunyizia maji kwa kata, anatuombea. Kikapu nimekishika mie. Ndipo tukasikia, "Hodi wafungwa wangu!" Na nyumba nzima, kwa furaha zote, "Karibu mwizi!" Akaingia anacheza, shati jeupe, akazunguka uwa mara moja, akaja mbele yangu, akanitazama machoni, akakonyeza kidogo, na mie nikajua ni kwa ajili ya mkokoteni. Akakinyakua kikapu. "Mateka wamekamatwa, wao na mali zao!" Wanawake wakapiga vigelegele. Alizunguka nacho mara tatu kichwani, anacheza ngoma ya ligambusi ya kujitungia, mtoto mmoja anampigia debe, kisha akatokea mlango wa uwani na kuingia uchochoroni. Mie nilicheka mpaka machozi. Kama kikapu kile nilikuwa nimekishika kwa nguvu, sikumbuki. Nafikiri nilikilegeza.

Bi Kidawa akasema, "Haya wafungwa, mtani hakombolewi kwa maneno matupu. Pikeni." Ndiyo mila, mtani akichukua kitu kikubwa unamkomboa kwa chakula kikubwa. Basi tukamchinja jogoo mwekundu, yule aliyetekwa akarudi, tukasema hii ndiyo haki yake. Bi Kidawa akatoa mchele wake wa Kyela aliokuwa akiuficha kwa ajili ya Idi, mpangaji mwingine akatoa viazi, mwingine bizari. Zena alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, mie nikatwanga kitunguu saumu. Mpaka leo nasema sijawahi kupika pilau kama ile. Saa saba ilikuwa tayari. Tukampakulia sahani yake ya kwanza, sahani kubwa ya maua ya Bi Kidawa, paja la jogoo juu, na ukoko tukaukwangua tukauweka pembeni, tukafunika kwa kawa. Watoto wakaja na mabakuli, Bi Kidawa akawafukuza. "Mgeni hajafika. Hakuna kugusa."

Tukakaa. Watu wakaongea, wakakumbushana habari za ndoo na mwiko, wakacheka tena. Adhana ya alasiri ikapita. Mtu mmoja akasema labda kakwama na watu. Zena aliinuka mara mbili, akapita ukumbini mpaka nje, akawa anaangalia kule barabarani, ingawa mtu mwenyewe alikuwa ameondokea uchochoroni. Nikadhani kachanganyikiwa. Mie nami nilikuwa nikiangalia hukohuko barabarani, maana ndiko mkokoteni unakopita. Jua likashuka ukutani mpaka likafika kwenye banda la kuku, na yule tetea wa Songea akaingia kulala peke yake. Nadhani kila mtu alikuwa ameshajua na kila mtu anamwonea haya mwenzake. Magharibi ilipoingia Bi Kidawa akafunua kawa, akaweka kidole kwenye pilau, akakitazama. Mafuta yalikuwa yameganda. Akasema kwa sauti ndogo, "Wapeni watoto wale." Halafu akatugeukia sisi wawili. "Wanangu, alijuaje siku?" Na sisi tukajibu kwa pamoja, mie na Zena, kama tulivyokuwa tukiitikia ile hodi: "Hatujui."

Kesho yake tulikwenda kituo kidogo cha polisi. Askari alikuwa mtu mzima, mpole. Akauliza jina la mtuhumiwa. Tukaangaliana. "Mtani," Zena akasema. "Jina lake, mwanangu." Miezi minane, na hatukujua jina lake. Akauliza kazi yake, anakoishi, hatukujua. Akauliza kama alitumia nguvu au silaha. Nikasema alikuwa anacheza. Akauliza sisi tulifanya nini alipochukua. Zena akainamisha kichwa, nami ikabidi nijibu, "Tulimpigia vigelegele." Askari akaweka kalamu chini. Hakutucheka, na ingekuwa nafuu angecheka. Miaka baadaye, Kinondoni, mteja mmoja wa Kipare alinisimulia alivyoibiwa na Mchaga mmoja mcheshi, mwenye shati jeupe, anayependa ukoko. Shangazi yake wa Ubungo naye aliwahi kupata mtani wa Kisambaa. Nikaelewa kuwa yule mtu hakuwa Mngoni wala nini. Alikuwa mtani wa kila kabila. Alijua kila nyumba ya nchi hii ina mlango mmoja usiofungwa, na mlango wenyewe tunauona ni heshima.

Baada ya hapo mie na Zena hatukugombana. Afadhali tungegombana, tukachaniana nguo, yakaisha. Tulikuwa wapole kupita kiasi. "Samahani shoga, nikupishe." "Hapana shoga, pita wewe." Wapenzi wa zamani wakiachana ndio huongea vile. Tuliendelea kuchoma vitumbua, kona ileile, lakini asubuhi aliniamsha kwa jina langu, kwa mdomo, miguu kaikunja. Nilijua. Nilisema moyoni, Zena kanijua kuwa ni mie niliyesema siku, na kwa ubinadamu wake ameamua kunyamaza. Kila nikitaka kumwambia, ulimi unakuwa mzito. Nilijipangia, nitamwambia Ijumaa. Nitamwambia akitoka msibani kwao. Nitamwambia mwezi ukiandama. Mwaka ulipokwisha nilirudi kutoka mashineni nimebeba ndoo ya unga kichwani, nikakuta upande wake wa kitanda umekunjwa. Bi Kidawa akasema amepata mchumba wa Wazo, anafanya kazi kiwandani kwenye saruji, wamekuja wakwe kumchukua. "Kasema usikasirike," akasema Bi Kidawa. Nilikaa kizingitini na ndoo yangu mpaka unga ukafurika wenyewe.

Cherehani nilikuja kununua, ndiyo. Ilikuwa mkweche, nikaifanyia kazi, imenisomeshea watoto. Lakini mkataji sikupata. Nimeajiri watu saba kunikatia, mmoja baada ya mwingine, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja nilimwona mkono wake si mkono. Siku hizi mjukuu wangu ananihangaikia kwa habari za matapeli. Ameniwekea maneno makubwa ukutani karibu na simu: bibi usitume hela kwa mtu usiyemjua. Juzi niliingiwa na ujumbe, "Ile hela itume kwa namba hii," nikamwonyesha, akashtuka akaufuta haraka kama vile simu ina nge. Nikacheka. Nikamwambia mjukuu wangu, hawa si matapeli, hawa ni wezi wa kawaida. Hata salamu hawana. Yule wetu alikaa miezi minane, akatengeneza banda la kuku, akajua mie nalalia ubavu gani. Kijana akaniangalia kama nimerukwa na akili. Na kweli nimerukwa. Nimelaani jina lisilojulikana, nimemwombea kila balaa, lakini nikisikia mtu anapiga hodi kwa sauti ya kupanda, kwanza moyo unaruka, ndipo akili inafika. Namkumbuka kwa sababu alipokuwepo, Zena alikuwepo. Siwezi kumkumbuka mmoja mwingine asije.

Sasa nirudi msibani. Yule mzee wa Kisukuma alikaa na viatu vyetu mpaka maiti ikazikwa na watu wakarudi kutoka makaburini. Mie nilikuwa nimekaa pekupeku ukumbini, macho mlangoni. Nilijiambia, Somoe, mtu mzima wewe, makubazi yenyewe yamekatika kamba. Ndipo akaingia na gunia lake begani, anahema, anatukana Wazaramo mpaka vizazi vyao. "Haya, wafilisika, mje na vyenu!" Alirudi. Watu wakatoa mia tano, wengine elfu, wengine sigara, kila mtu akachukua kiatu chake. Mie nikaanza kulia, kilio cha kwikwi, siwezi kujizuia. Wanawake wakanishika wakasema huyu alimpenda sana marehemu, alikuwa mpangaji wake wa zamani. Nilimpenda kweli Bi Kidawa, Mungu anisamehe, lakini siku ile nilimlilia mzee aliyerudisha viatu.

Aliyekuja kunitoa pale ni Zena. Alinishika kiwiko, akanipeleka uwani, tukakaa mkekani pale palipokuwa na banda la kuku. Wapishi wa msiba walikuwa wanagawa pilau kwenye masinia. Wakatuwekea moja, wawili tu, maana waliona tunataka kuwa wawili. Nikamwambia, "Umenenepa." Akasema, "Na wewe umezeeka, shoga." Akauliza watoto, nikauliza watoto. Mumewe wa Wazo amefariki, mwaka wa nne huu. Nikamuuliza kama bado anakata. Akasema tangu atoke Mtoni hakuwahi kushika mkasi. Nikaona ndio saa yake, nimeshazika mtu leo, nizike na hili. Nikaanza, "Zena, kuna jambo..."

"Ngoja," akasema. "Niache mie. Nisiposema leo sitasema tena, miguu yenyewe hii imeshavimba." Aliongea akiangalia sinia. "Siku ile, watu wote walikuwa wakimngoja yule mtu. Mie nilikuwa nangoja mkokoteni."

Tonge langu likarudi kwenye sinia.

"Mkokoteni gani?" nikauliza.

"Alisema atakuja nao. Utafungwa kanga, tutakaa juu. Akanambia nisikwambie, anataka akuone uso wako." Akazungusha ncha ya mtandio kidoleni. "Mie ndiye niliyemwambia siku, Somoe. Jumamosi, saa nne. Ulipokuwa kisimani, alikaa kizingitini. Nilimpenda yule mshenzi. Halafu nikawa siwezi kukutazama, kila ukinipa kikombe cha chai nasema leo atajua, leo atajua. Mchumba wa kwanza aliyetokea nikamwambia twende. Sikumpenda hata, nilikuja kumpenda huko mbele. Nilikukimbia wewe."

Nilimtazama. Nikamwona Zena wa miaka ishirini na mbili anatoka mara mbili kwenda kuangalia barabarani. Miaka thelathini na ushee mie niko Madale, yeye yuko Wazo, hata nauli moja haizidi, kila mtu kakaa kwake na kosa la wote wawili, akidhani ni lake peke yake. Hela za kibubu zile tulikuja kuzipata mara mia. Miaka hii atairudisha nani?

"Rangi gani?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Mkokoteni. Alisema ataupaka rangi gani?"

Akanyanyua uso. "Kijani," akasema taratibu, na alipomaliza kulitamka neno hilo nikaona anaelewa, kwanza macho, kisha mdomo. "Na wewe? Yarabi. Somoe, na wewe?"

"Jumamosi," nikasema. "Saa nne. Ulikuwa mashineni."

Akaukumbatia mkono wake kifuani. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikataka kumshika, kumbe anacheka, kicheko kilekile cha kupandia puani, na kikanishika na mie. Tulicheka mpaka waombolezaji wakatugeukia, mpaka yule mzee wa Kisukuma akasimama na ufagio wake akatuangalia kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi. Zena akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mwenzangu," akasema, "ile pilau si tungeila ya moto."

Nikamsogezea nyama upande wake. Tukala.